Masters ya Kuandika Barua? Kinachosomwa Hasa Kwenye Uzamili wa Mawasiliano ya Kikazi

Nilipotangaza nyumbani kwamba nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya mawasiliano ya kibiashara na kikazi, mjomba aliweka kikombe chini akaniangalia kwa huruma. "Sasa mjomba, masters nzima ya kuandika barua?" Shangazi, aliyekuwa akimenya viazi, akamsahihisha: "Siyo barua, ni mambo ya simu hayo."

Siwalaumu. Neno mawasiliano limetwishwa mizigo mingi mno. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania inashughulika na laini za simu na masafa ya redio. Stendi ya Mawasiliano jijini Dar es Salaam, ambayo wenyeji bado wanaiita Simu 2000, imejulikana kwa mabasi. Vyuoni nako, mawasiliano ya umma maana yake ni magazeti, redio na televisheni, na stadi za mawasiliano ni lile somo la lazima la mwaka wa kwanza ambalo wengi hulisoma usiku wa kuamkia mtihani. Mtu akisikia "mawasiliano ya kikazi" anachota maana kwenye kimojawapo cha visima hivyo, na maji anayoyatafuta hayamo.

Kwa maneno machache: fani hii inachunguza jinsi kazi inavyofanyika kwa maneno. Nani anaruhusiwa kumwambia nani kitu gani ofisini, kwa njia ipi, kwa muundo upi, na nini hutokea ujumbe ulio sahihi kabisa unapofika, ukasomwa, na bado usifanye kazi iliyokusudiwa. Shahada ya kwanza inakufundisha barua iandikweje. Uzamili unakuuliza kwa nini barua hiyo ipo, inamtumikia nani, na ni nani angepata hasara kama isingekuwepo.

Njia rahisi ya kuona tofauti hiyo ni kupitia kisa ambacho walimu wa fani hii wamekifundisha kwa miongo kadhaa, na hawaonyeshi dalili ya kukichoka.

Tarehe 31 Julai 1985, mhandisi Roger Boisjoly alimwandikia memo, yaani barua fupi ya ndani ya ofisi, Robert Lund, makamu wa rais anayesimamia uhandisi katika kampuni ya Morton Thiokol ya Marekani. Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza roketi za pembeni zilizosukuma vyombo vya anga vya NASA, shirika la anga la Marekani, wakati wa kuruka. Boisjoly alieleza kwamba pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zilikuwa zinaliwa na gesi ya moto, na kwamba suala hilo lisiposhughulikiwa kwa haraka huenda likatokea janga la kiwango cha juu kabisa, watu kupoteza maisha. Ukiisoma memo ile huoni fumbo wala kuzungukazunguka. Kichwa kinaeleweka, shabaha imetajwa mwanzoni, hatari imetajwa kwa jina lake. Mwalimu wa stadi za mawasiliano angeipa A na kuandika pembeni "safi sana".

Miezi sita baadaye, jioni ya 27 Januari 1986, baridi kali ilitabiriwa Florida, ambako chombo cha Challenger kilikuwa kinasubiri kuruka asubuhi. Wahandisi wa Thiokol wakiwa Utah waliingia kwenye mkutano wa simu na watu wa NASA walioko Alabama na Florida. Wakapendekeza chombo kisirushwe katika joto lililo chini ya nyuzi 53 za Fahrenheit, yaani kama nyuzi 12 za Sentigredi, kwa sababu hawakuwahi kuona pete zile zikifanya kazi kwenye baridi kuliko hapo. Upande wa NASA ukaibana hoja hiyo kwa maswali. Thiokol wakaomba dakika 5 wajadiliane peke yao, zikageuka takriban nusu saa. Humo ndani Boisjoly na mwenzake Arnold Thompson walijaribu tena kuwaeleza wakubwa wao kwa mchoro na picha, wakaona hawapati sikio. Mwishowe Jerald Mason, mmoja wa wakubwa pale, akamwambia Lund avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Lund akabadili msimamo. Simu iliporudi hewani, pendekezo lilikuwa limegeuka: rusheni. Kesho yake Challenger ilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, ikiwa na watu 7.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ukimpa kisa hiki atakuambia walipaswa kuwasiliana vizuri zaidi. Hapo ndipo darasa la uzamili linapoanza kumsumbua, maana watu wale walishawasiliana. Memo iliandikwa. Simu ilipigwa. Chati zilichorwa na zikatumwa. Waliotoa onyo walilitoa kwa aliyepaswa kulipokea. Sasa kilichoharibika ni nini?

Dorothy Winsor, mtafiti wa uandishi wa wahandisi, aliyarudia maandishi yale mwaka 1988 akaonyesha kwamba wahandisi na mameneja walikuwa wanatazama taarifa zilezile na kuona vitu tofauti, na kwamba habari mbaya inazidi kuwa nzito kila inapopanda ngazi moja kwenda kwa mkubwa au inapovuka kwenda kwa mteja. Kwake yeye, ile picha tuliyoizoea ya ujumbe kama kifurushi kinachotoka kwa mtumaji kwenda kwa mpokeaji haitoshi kueleza kilichotokea, maana kifurushi kilifika na kikafunguliwa.

Mwanasosholojia Diane Vaughan akaja mwaka 1996 na jibu lisilopendeza zaidi. Alisema usiku ule haukuwa na mtu mwovu. Kwa miaka kadhaa pete zilikuwa zinarudi zimeliwa, chombo kinarudi salama, ripoti inaandikwa kwamba hatari inakubalika, na kila ripoti inaegemea ile iliyotangulia. Kasoro ilizoeleka kwa njia ya karatasi. Ripoti zilifanya kazi yake vizuri, na kazi yake ilikuwa kuwatuliza watu.

Edward Tufte, bingwa wa michoro ya takwimu, yeye alizilaumu chati. Alidai kwamba kama wahandisi wangepanga uharibifu wa pete kulingana na joto la siku ya kuruka, kila mtu angeona hatari kwa jicho moja. Hoja tamu hiyo, na kwa muda ilikuwa inarudiwa kila mahali. Kisha mwaka 2002 ikatoka makala ya kumjibu, na miongoni mwa walioiandika ni Boisjoly mwenyewe: Tufte, walisema, amechanganya joto la hewa na joto la pete, na anawadai wahandisi data ambayo hawakuwa nayo mkononi usiku ule.

Kuna jambo moja jingine, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kwa kawaida mhandisi alitakiwa kuthibitisha kwamba chombo ni salama kuruka. Usiku ule, bila mtu kutangaza, swali liligeuzwa, wakatakiwa wathibitishe kwamba si salama. Kwa data chache walizokuwa nazo hawakuweza. Wanabalagha, wasomi wa sanaa ya kushawishi kwa maneno, tangu Ugiriki ya kale wamekuwa wakibishana juu ya nani anabeba mzigo wa kuthibitisha, na huku tulidhani hayo ni mambo ya mahakamani. Ukishalijua hili utaliona kwenye kila kikao. Anayefaulu kupanga swali lipi linajibiwa, mara nyingi ameshashinda kabla ya mtu wa pili kufungua mdomo.

Hiyo ndiyo masters ya kuandika barua.

Fani yenyewe imezaliwa na wazazi wanaogombana, ndiyo maana shahada mbili zenye jina lilelile zinaweza zisifanane hata kidogo. Marekani, ambako ilikulia, mwaka 1914 walimu 17 wa kuzungumza mbele ya hadhira walijitoa katika chama cha walimu wa Kiingereza wakaanzisha chao. Walichoka kuchukuliwa kama tawi dogo la fasihi. Wale wa barua za biashara wakaunda chama chao miaka ya 1930. Katikati yao vyuo vya biashara vikawa vinakua, vikitaka mameneja wanaojua kutoa ripoti na kushawishi wawekezaji, na vyuo vya uhandisi vikitaka mtu wa kuandika miongozo ya mitambo. Kwa hiyo leo ukikuta programu hii kwenye idara ya lugha, tarajia uchanganuzi wa matini na isimu. Ukiikuta kwenye shule ya biashara, tarajia uongozi, majadiliano na usimamizi wa misukosuko. Ukiikuta kwenye shule ya uandishi wa habari, sehemu kubwa itakuwa uhusiano wa umma. Kabla ya kulipa ada, tazama walimu wamesomea nini na tasnifu za wahitimu zinahusu nini. Jina la shahada litakudanganya.

Hata zile karatasi tunazoziona za kuchosha zina historia yenye mantiki. JoAnne Yates wa chuo cha MIT alizifuatilia karatasi za makampuni ya Marekani ya karne ya 19. Maduka na viwanda vya kifamilia havikuhitaji memo, maana mwenye mali alimwita mtu na kumwambia. Reli ndizo zilizoleta shida. Mwaka 1841 treni mbili za reli ya Western, Massachusetts, ziligongana uso kwa uso, na baada ya hapo kampuni ikaanza kuandika nani anawajibika kwa nani, nani anaripoti nini na lini. Ripoti ya kila mwezi ni mtoto wa ajali.

Kisha likaja kabati la mafaili. Kabla yake, barua ziliandikwa na nakala kuwekwa kwenye daftari kubwa kwa kufuata tarehe. Kuitafuta barua moja kulikuwa sawa na kutafuta mtu sokoni Kariakoo jioni. Kabati la kusimamisha mafaili wima lilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, na polepole barua zikaanza kupangwa kwa mada. Lakini ili karani aipange kwa mada bila kuisoma yote, lazima mada iandikwe juu. Memo ya ofisini ikaivua barua salamu zake ndefu na kuvaa kichwa cha habari.

Sasa chukua barua yoyote ya serikali ya Tanzania. Juu kuna "Kumb. Na." na msururu wa herufi, mikwaju na tarakimu. Katikati kuna "YAH:" na kichwa cha habari kwa herufi kubwa, kimepigiwa mstari. Halafu aya ya kwanza inasema: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Tangu shule ya msingi nimekuwa nikijiuliza kwa nini niambiwe nihusike na kitu ambacho nimekisoma sekunde mbili zilizopita. Jibu ni kwamba kumbukumbu namba na kichwa cha habari haviandikwi kwa ajili yangu. Vinaandikwa kwa ajili ya mtu wa masijala, ambaye kazi yake ni kujua barua iingie jalada gani. Msomaji wa kwanza wa barua ya kiserikali ni kabati. Mimi na wewe tunafuata.

Mtazamo huu una jina: uchanganuzi wa tanzu. Wasomaji wa Kiswahili tunalijua neno utanzu kutoka kwenye fasihi, tukigawa hadithi, ushairi na semi. Mwaka 1984 Carolyn Miller alipendekeza utanzu utazamwe kama tendo la kijamii, yaani jinsi jamii ilivyozoea kujibu hali inayojirudia. John Swales akauendeleza kwa makala za kitaaluma, na Vijay Bhatia akaupeleka kwenye barua za biashara na za kisheria. Bhatia alionyesha jambo ambalo ukishaambiwa unacheka: barua ya kuomba kazi na barua ya kutangaza bidhaa ni ndugu wa damu. Zote zinajitambulisha, zinatoa ofa, zinataja sifa, zinaambatisha ushahidi, zinaomba jibu. Lakini aliona pia kwamba waombaji wengi wa Asia Kusini hawakujitangaza. Walijishusha wao na kumtukuza mwajiri, kama mtu aliyekuja kuomba fadhila.

Niliposoma hilo nilikumbuka barua ya kazi tuliyofundishwa sisi. "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, naomba nafasi ya kazi katika ofisi yako." Mwishoni: "Nitashukuru sana kama ombi langu litakubaliwa. Wako katika ujenzi wa Taifa." Itazame kama mwanafunzi wa uzamili. Sifa za kazi ziko wapi? Ziko kwenye kiambatisho, barua haizigusi. Ajira inaombwa kama unavyoomba maji ya kunywa. Na ile saini ya mwisho inabeba enzi nzima, ya Azimio la Arusha na siasa ya Ujamaa, ambapo mwombaji na mwajiri wote walihesabiwa wajenzi wa kitu kimoja. Mwajiri wa leo mwenye kampuni ya kuuza bima anapokea barua iliyoandikiwa serikali ya mwaka 1972. Meneja rasilimali watu mwenye haraka ataitupa na kusema vijana hawajui kuandika. Mtafiti atasema vijana wanajua vizuri sana kuandika, ila utanzu umebaki palepale huku hali iliyouzaa ikiwa imehama.

Na sisi watu wa pwani hatukuanza kuandikiana jana. Barua za Kiswahili kongwe zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, na zimehifadhiwa Goa, India. Barua za zamani za wafanyabiashara wa pwani zilikuwa na utaratibu wake mkali, kuanzia kumtaja anayeandikiwa kwa heshima zake, salamu, dua, kuulizana hali, halafu "baada ya salamu nakuarifu", na ndipo habari ya pembe, nguo au deni inapoingia. Anayeona salamu zile ni kupoteza wino hajawahi kumkopesha mtu aliye safari ya miezi mitatu. Salamu ndiyo iliyokuwa dhamana.

Hapa tunaingia kwenye somo linalozusha ugomvi kuliko yote darasani, la utamaduni. Vitabu vya Marekani hufundisha kwamba kuna watu wanaosema mambo waziwazi na watu wanaoacha mengi yaeleweke kutokana na mazingira, mgawanyo ulioenezwa na Edward T. Hall. Sisi huwekwa kundi la pili, na ushahidi hauko mbali. Fundi akikuambia "nitajitahidi", nguo haitakuwa tayari Jumamosi. Ofisa akisema "tutaliangalia", usirudi wiki hii. Na mtu akifiwa, hakuna anayempigia simu kumwambia. Anaambiwa arudi nyumbani, kuna dharura kidogo, na atakuta viti vimepangwa nje. Barua ya posa haipelekwi na mwoaji, inapelekwa na mshenga, ambaye kwa viwango vyovyote ni mtaalamu wa mawasiliano aliyeajiriwa kwa mkataba wa muda mfupi.

Lakini tahadhari. Mtu anayetajwa zaidi kwenye eneo hili ni Mholanzi Geert Hofstede, aliyetumia dodoso zaidi ya 116,000 zilizojazwa na wafanyakazi wa IBM kati ya 1967 na 1973 kupima tamaduni za mataifa. Kwenye majedwali ya utafiti huo hutaona Tanzania peke yake. Utaona "Afrika Mashariki", ambayo ni Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zimejumlishwa, na alama 64 kwa kipimo cha watu wanavyokubali pengo kati ya mkubwa na mdogo. Hebu fikiria miaka hiyo. Ethiopia ilikuwa na mfalme, Haile Selassie, na watu waliinama mpaka chini. Tanzania ilikuwa imetangaza Ujamaa na waziri anaitwa Ndugu. Kenya ilishika njia ya soko na umiliki binafsi. Zote zimepewa namba moja, kupitia majibu ya watu waliobahatika kuajiriwa na kampuni moja ya kompyuta. Brendan McSweeney aliishambulia mbinu hiyo mwaka 2002 na mjadala bado unaendelea. Hata hivyo namba zile zinaendelea kubandikwa kwenye slaidi za semina za mahotelini kana kwamba zilishuka na mvua. Kama uzamili huu una faida moja ya haraka, ni kukupa ujasiri wa kunyoosha mkono kwenye semina kama hizo na kuuliza: walihojiwa akina nani?

Swali hilo linarudi kwako mwenyewe ukifika kwenye tasnifu. Mawasiliano ya kikazi ni siri ya kazi. Kampuni gani itakuruhusu usome barua pepe za wakubwa? Ndiyo maana watafiti wengi duniani wameishia kwenye hazina moja ya ajabu. Kampuni ya nishati ya Enron ilipofilisika Desemba 2001, wachunguzi wa serikali ya Marekani walichukua barua pepe za wafanyakazi, na mwaka 2003 zikawekwa hadharani, mamia ya maelfu, za watu wapatao 150. Kwa mtafiti ni karamu. Unaweza kuona jinsi mtu anavyomwandikia bosi na anavyomwandikia aliye chini yake kazini, namna ombi linavyolainishwa, jinsi jambo baya linavyoandikwa bila kuandikwa. Lakini mle ndani kulikuwa pia na barua za wenza na habari za watoto, na wenyewe hawakuulizwa. Saa nzima ya darasa inaweza kuishia hapo, na nadhani inastahili.

Huku kwetu utaanza na kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi ya nchi, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, kulingana na hali yako, kisha barua ya chuo, kisha barua ya kuomba kuonana na mtu atakayekuambia uandike barua. Wengi wanakimbilia dodoso kwa sababu ya hayo. Ningekushauri uvumilie. Siku tatu za kukaa masijala ukitazama jalada linavyosafiri, nani anaandika dokezo pembeni na kwa wino gani, zitakufundisha zaidi ya dodoso 300 za "nakubali sana, nakubali, sina uhakika".

Kuna pengo jingine ambalo naliona ni dhahabu iliyolala chini. Kozi hizi kwa kiasi kikubwa zinasomwa kwa Kiingereza, mifano ni ya Chicago na London, lakini kazi inafanyika kwa Kiswahili, au kwa mchanganyiko ambao hakuna kitabu kilichouchora vizuri. Kikao kinaendeshwa kwa Kiswahili, slaidi ziko kwa Kiingereza, muhtasari unaandikwa kwa lugha ambayo mtoa hoja hakuitumia, na utekelezaji unaagizwa kwenye kundi la WhatsApp kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Hoja ilibadilika mahali gani njiani? Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama, na Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Mikataba, hati za bima, masharti ya mikopo ya simu, vyote vinahitaji kuandikwa kwa Kiswahili ambacho mkopaji atakielewa. Afrika Kusini sheria yao ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008 inadai kabisa lugha nyepesi kwenye nyaraka za mlaji. Sisi bado tunajadili kama "mkopaji atawajibika kwa mujibu wa kifungu tajwa hapo juu" ni Kiswahili au ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Kuhusu ajira sitasema mengi. Wahitimu wanaishia kwenye idara za uhusiano, mabenki, mashirika yasiyo ya kiserikali, ukufunzi, uandishi wa ripoti na maandiko ya miradi. Wenye kufaidi zaidi ninaowajua mimi ni waliokuja na taaluma nyingine mkononi, muuguzi, mhasibu, mhandisi wa maji, ambao walishaumizwa na ujumbe usiofika na wakataka kujua sababu. Anayekuja moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza hupata shida kidogo, kwa sababu nadharia zote zinazungumzia ofisi na yeye ofisi hajaijua.

Mjomba, kwa njia, alinitafuta mwaka jana. Alikuwa ameandika barua mara mbili kwenye ofisi moja ya ardhi kuhusu mpaka wa kiwanja chake, na mara zote mbili kimya. Akanipa nakala. Barua ilikuwa nzuri kuliko ambayo ningeandika mimi: tarehe zipo, namba ya kiwanja ipo, majina ya mashahidi yapo, ombi liko wazi. Nikaigeuza, nikaitazama tena juu, kati ya anwani ya anayeandikiwa na kichwa cha habari. Palikuwa patupu.

"Mjomba, hii ilipitia kwa nani?"

"Ipitie kwa nani tena? Nilipeleka mwenyewe, nikamkabidhi binti wa pale mlangoni."

Tukaiandika upya bila kubadilisha hoja hata moja. Tuliongeza mstari mmoja, "Kupitia kwa Mtendaji wa Mtaa", tukaenda kupanga foleni, ikagongwa muhuri, na safari hii tukadai nakala yetu isainiwe kwamba imepokelewa. Wiki mbili baadaye akapigiwa simu aende na mashahidi. Mpaka leo kesi yenyewe haijaisha, na jirani naye ameshaanza kuandika za kwake.